Damu Kwenye Pazia la Kijani

Daktari wa macho alikuwa amelala kifudifudi chini ya sinki, miwani yake imevunjika kioo kimoja, na sakafu iliyomzunguka ilikuwa safi kuliko alivyopata kuiona yeye mwenyewe siku zote za uhai wake.

Usafi huo ndio uliomkera Inspekta tangu alipovuka kizingiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho, na alikwisha kuingia katika vyumba vingi vyenye maiti. Vyote vilikuwa vichafu. Hiki kilinukia sabuni.

"Fuvu limepasuka kisogoni," alisema daktari wa polisi huku akivua glavu. "Pigo moja, labda mawili. Kitu kizito cha chuma. Amekufa jana jioni, baada ya saa za kazi."

"Haiwezekani ameanguka?" Koplo alionyesha kigoda kilicholazwa ubavu karibu na maiti.

"Mtu haanguki akapasua kisogo, halafu akainuka kupiga deki."

Koplo alinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kituo kizima kilimwita Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi wa zahanati ya chuo kikuu. Kuta nyeupe, vigae vyeupe, meza, kiti cha wagonjwa, chati ya herufi imetundikwa kwenye stendi ya chuma. Dirishani palining'inia pazia zito la kijani, la kuweka giza wakati wa kupima. Nje ya dirisha hilo, ng'ambo ya uwanja, foleni ya vijana ilikuwa imejikunja mbele ya ofisi ya udahili. Ilikuwa siku ya mwisho ya kubadili kozi, na kifo cha mtu hakikuwatoa kwenye foleni.

Aliyeikuta maiti ni muuguzi, mama mnene mwenye macho mekundu kwa kulia. Alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka mingi na alikuwa bado anamtaja kana kwamba yupo chumba cha pili.

"Umegusa nini, sista?"

"Mlango. Na mkono wake. Nilitaka kujua kama bado ana joto."

"Jana uliondoka lini?"

"Saa ya kufunga. Yeye hubaki. Anasema nyumbani kuna kelele, hapa anapata kusoma."

"Angalia vizuri. Kuna kilichopotea?"

Muuguzi alizungusha macho polepole. Kompyuta ilikuwepo. Saa ya marehemu ilikuwa bado mkononi mwake. Mwishowe alitazama juu ya meza, akakunja uso.

"Kitabu cha nukta hakipo."

"Kitabu gani hicho?"

Muuguzi alieleza. Kila ukurasa una duara lililojaa nukta za rangi, kubwa na ndogo. Ndani ya nukta hizo imefichwa namba. Mwenye macho yanayotofautisha rangi huiona papo hapo. Asiyetofautisha huona nukta tupu.

"Na hapa chuoni kina kazi gani?"

"Kuna shahada ambazo alama peke yake hazikuingizi. Uhandisi wa umeme, kwa mfano. Uwe na hesabu, uwe na fizikia, uwe umefaulu mpaka walimu wako wanakuonea wivu. Bado lazima uje usimame hapa, usome namba. Usiposoma, daktari hasaini, na bila saini yake hupokelewi."

"Sasa nani atamuua mtu kwa ajili ya kitabu cha nukta?" alisema Redio.

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya stendi ya chuma. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, hata viungo vyake vimekaukia maji. Aliinama akachungulia nyuma ya bomba la sinki, mahali ambapo hata mfagizi wa kulipwa hapafikii. Pamefutwa. Alitazama ukuta. Umefutwa. Huyu mtu hakuwa na haraka, alijiambia. Amefanya kazi yake kama fundi.

Kisha alifika kwenye pazia, akasimama.

Palikuwa na damu. Haikuwa tone la kutafuta kwa tochi. Lilikuwa doa la ngumi nzima, mahali ambapo mtu alilishika pazia kwa mkono uliolowa akalivuta lifunike dirisha. Doa lilikuwa usawa wa kifua, wazi kabisa.

"Amesahau hapa," alisema Redio.

"Mtu anayekumbuka nyuma ya bomba hasahau hapa. Kitambaa hiki hakitatupa alama za vidole, lakini mlete mtu wa maabara."

Mtaalamu wa maabara alikuja na chupa zake. Alidondosha dawa kwenye doa la ngumi na kutikisa kichwa kukubali. Chini yake, karibu na pindo, aliona doa jingine dogo jekundu, akadondosha tena, akangoja.

"La juu ni damu. Hili dogo ni wino."

"Wino?"

"Wino mwekundu wa kalamu. Wa juzijuzi tu."

Inspekta aliliandika hilo akilini. Alipogeuka, alimkuta muuguzi amekodolea pazia macho.

"Nyekundu juu ya kijani," alisema muuguzi kwa sauti ndogo. "Yeye mwenyewe alikuwa akiniambia. Sista, hapo wewe unaona doa, kuna watu wanaona pazia safi."

"Jana alipima wangapi?" aliuliza Inspekta.

"Wengi. Aliyeshindwa ni mmoja. Kijana mpole, ana alama za kutisha. Aliniambia kwa aibu kwamba mtaani kwao wanamwita Injinia tangu mdogo."

"Atakuwa wapi sasa?"

Muuguzi aliinua kidole akaelekeza dirishani, kwenye foleni.

*

Walimkuta katikati ya foleni, bahasha ya vyeti kwapani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri. Hakuuliza kwa nini. Alitoa mikono mbele kama mtu aliyekuwa akiwangoja. Aliyekuwa nyuma yake alisogea mbele akaziba pengo.

Afisa udahili alitoa kichwa dirishani. "Afande, huyo akitoka hapa ajue. Leo tukifunga, tumefunga. Nafasi yake ya umeme imeshafutwa na mfumo tangu jana. Asipochagua kozi nyingine leo, jina lake linaondoka."

"Si ataomba mwakani?"

"Mwakani vigezo vinabadilika. Somo lake la tatu halitahesabiwa tena. Itabidi arudie mtihani."

"Na huwezi kumwekea nafasi mpaka kesho?"

"Mimi ni nani, mama? Ule ni mfumo."

Inspekta alimtazama kwa namna ambayo wezi wa mifukoni waliijua vizuri, lakini afisa udahili alikwisha kumwita mwingine. Kuna watu wakipewa kompyuta wanadhani wametolewa utu wao kihalali.

Kituoni walimkalisha kijana kwenye chumba cha mahojiano, chumba chenye meza moja na feni iliyokufa.

"Jana ulipotoka kwa daktari ulikwenda wapi?"

"Nyuma ya zahanati. Nilikaa."

"Ukifanya nini?"

"Nikilia."

"Kwa sababu ya kukosa kozi?"

Kijana alitazama meza. "Andikeni hivyo."

"Sitaki kuandika hivyo. Nataka kuandika kilichotokea. Unaishi na nani?"

"Mjomba. Ana karakana ya mageti. Mama alifariki nikiwa darasa la nne."

"Alifariki na nini?"

"Pasi ilimpiga umeme. Alikuwa ananinyooshea sare za shule. Ndiyo maana mjomba alitaka nisome umeme. Alisema hataki mtu mwingine afe kijinga namna ile. Amemwaga jasho miaka yote hii kwa sababu hiyo moja."

"Ulipomwambia kwamba umekataliwa, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alitoka."

"Alikwenda wapi?"

Kijana alitazama feni.

"Alirudi lini?"

Mikono ya kijana ilikamatana juu ya meza. Kisha akajikaza kisabuni, akainua uso.

"Ni mimi, afande."

"Wewe nini?"

"Nimemuua mimi. Nilimpiga na chuma. Nilikasirika."

Redio alikwisha kutoa kofia ya kalamu. Inspekta alimwekea kiganja juu ya karatasi. Habari ya chuma ilikuwa imezagaa foleni nzima asubuhi ile, na hata muuza maji aliijua.

"Sawa. Umempiga na chuma. Halafu?"

"Nikafuta damu."

"Yote?"

"Yote."

"Tuache hayo kidogo. Daktari alikupima vipi? Nieleze kila alichofanya."

Kijana alisita, lakini swali hilo halikuonekana kuwa na mtego, kwa hiyo alijibu. Alisema daktari alikuwa mwema sana. Alipoona amekwama kwenye ukurasa wa pili, hakumfukuza. Alifunga kitabu, akachukua kalamu nyekundu, akaenda kwenye pazia la dirisha, akachora kitu.

"Akaniambia, tafuta nilipochora. Nikatafuta. Nikaona pazia tu. Akanishika kidole akakiweka pale penye ubichi. Akasema, umeona? Nyekundu ikikaa juu ya kijani, kwako inapotea. Akanifundisha. Akasema ukiwa na shaka na kitu chekundu, usikiamini jicho lako, muulize mtu au kiguse kwa mkono. Kisha akaniambia kozi nyingine zinazonifaa. Hesabu. Takwimu. Alisema kwa alama zangu watanipokea kwa mikono miwili."

Inspekta aliegemea nyuma. Doa dogo la wino, karibu na pindo, lilikuwa limepata maelezo yake.

"Kwa hiyo jana mchana ulijua kwamba pazia lile linaficha damu."

Kijana alikunja ncha ya mkono wa shati lake, akaikunjua.

"Ungekuwa wewe, kitu cha kwanza ungelishusha ukaondoka nalo. Mtu aliyeua amefuta mpaka nyuma ya bomba, na kwenye pazia ameacha ngumi nzima ya damu. Hakuiona. Na hakujua kwamba haoni. Wewe ulikuwa unajua."

"Ni mimi, afande."

"Unadanganya vibaya sana, mwanangu. Hukuzoea."

Kijana aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakaanza kumtikisika.

Inspekta alitoka ukumbini akampigia muuguzi simu.

"Sista, nisaidie. Haya macho mtu anayapata wapi?"

"Kwa kuzaliwa. Mtoto wa kiume huyapata kwa mama yake. Mama mwenyewe anaona sawasawa, yeye anapitisha tu. Ukitaka kumpata mwenziwe, usihangaike kwa baba. Nenda kwa wajomba."

Redio, aliyekuwa amesikia yote, alisema, "Kumbe kijana amefuata ujombani."

Alikusudia utani. Alipoona uso wa Inspekta, alikwenda kuwasha gari.

*

Karakana ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, mlangoni pameegemezwa mageti matatu. Mbele ya geti moja alisimama mama mwenye mkoba, amejishika kiuno.

"Nimewaambia watu wote wasije hapa," aliwaambia polisi bila kusalimia, kana kwamba waliitwa kwa ajili yake. "Tazameni kazi hii. Halafu anataka nilichukue hivihivi."

Geti lilikuwa limepakwa kijani. Lakini ile rangi ya kwanza nyekundu, inayopakwa kuzuia kutu, ilikuwa imechomoza sehemu tele, viraka vikubwa kama viganja vya mikono. Mtoto angeviona kutoka ng'ambo ya barabara.

Fundi alitoka ndani, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Alikuwa mtu mpana, mikono imebabuka kwa cheche, na macho ya mtu ambaye hakulala.

"Mama huyu ana lake jambo," alisema. "Nimelipaka mara mbili. Geti ni kijani tupu."

"Ndiyo maana wanakuita Viraka," alisema yule mama.

"Wananiita kwa wivu."

Inspekta alisogea akaweka kidole katikati ya kiraka chekundu. "Hapa, fundi. Umeruka."

Fundi aliinama. Alitazama kwa makini, kama fundi anayejali kazi yake. Alipitisha kiganja. "Wapi?"

Hapo Inspekta alijua. Hakufurahi hata kidogo. Miaka yote aliyofanya kazi hii, alikuwa akipata raha fulani kila jambo linapokaa mahali pake. Leo alitamani awe amekosea.

"Fundi, mpwa wako yuko mahabusu," alisema. "Amekubali kwamba amemuua daktari wa macho."

Nyundo iliyokuwa mkononi mwa fundi ilianguka.

"Muongo," alisema. "Mtoto yule hajui hata kupiga mbu."

"Amesema alimpiga na chuma akafuta damu yote. Nitaandika nini?"

"Usiandike kitu." Fundi alitazama barabara upande huu na upande ule, na kwa kitambo kidogo Redio alisogeza mkono kwenye pingu. Lakini fundi hakuwa anatafuta pa kukimbilia. "Leo ndiyo siku yake ya mwisho pale udahili. Mmemtoa kwenye foleni?"

"Tumemtoa."

"Basi mrudisheni. Niliyefanya ni mimi."

Yule mama mwenye geti alishika mdomo. Inspekta alimweleza fundi haki zake, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na kutolewa mahakamani. Fundi alisikiliza nusu tu.

"Andika," alisema. "Na mkishaandika, mumkamate na yule aliyemweka daktari yule pale. Maana ni matapeli. Ninao ushahidi."

Aliingia ndani, Redio nyuma yake. Alirudi na kitu kimeviringishwa kwa kitambaa, akakifungua taratibu juu ya meza ya kazi, kwa heshima, kama anafungua hati ya kiwanja. Kilikuwa kitabu cha nukta.

"Nilitaka kukipeleka kwa wakubwa wa chuo. Waone watoto wa watu wanavyochezewa."

"Wanachezewa vipi?"

"Tazama mwenyewe." Alifungua ukurasa wa kwanza. "Hapa pana namba. Kumi na mbili. Inaonekana. Wameiweka ya kukuvutia, kama wale wa karata tatu, mara ya kwanza wanakuacha ushinde." Alifungua wa pili. "Haya. Hapa pana nini? Matope. Na hapa? Matope. Kitabu kizima hakina namba nyingine. Halafu wanamwambia mtoto asome. Atasoma nini? Mtoto ana alama ambazo hata huyo daktari hakuzipata, anaambiwa hafai kwa sababu hakuona kitu ambacho hakipo."

"Nieleze jana," alisema Inspekta. Alikuwa amekaa kwenye benchi, daftari magotini, na hakutazama kitabu.

"Nilimkuta peke yake. Nilimsalimu vizuri. Nikamwomba anionyeshe kitabu alichomkatalia mtoto. Hakukataa. Akafungua, akasema, soma. Nikatazama. Nikamwambia, daktari, hapa hapana kitu. Akanitazama hivi..." Fundi aliinamisha kichwa upande, na kwa muda mfupi marehemu alikuwapo bandani, mpole, ameshangaa. "Akasema, kumbe na wewe. Kumbe ni nyinyi wote. Nikaona ananitukana. Mimi na ukoo wangu."

"Akasema nini tena?"

"Nilimwambia habari ya dada. Nilimwambia mama wa mtoto huyu aliuawa na umeme, na niliapa juu ya kaburi lake kwamba mtoto atausoma. Nilidhani atalegea. Akasema..." Alijifuta uso kwa kiganja. "Akasema, ndiyo sababu hasa siwezi kusaini. Mtu asiyejua nyekundu na kijani akiunga waya, ule mwekundu wa moto ataupeleka mahali pa ule wa kijani wa ardhi, na chombo kizima kitakuwa na umeme, na atakayekishika atakufa. Aliniambia hivyo mimi. Kaka wa marehemu. Akanipa mgongo aende kunawa mikono, kana kwamba yamekwisha. Stendi ilikuwa karibu."

Barabarani lori lilipita na mabati yakatetemeka.

"Nilipofuta nilidhani watasema ameanguka," fundi aliendelea, taratibu zaidi. "Nililaza kigoda. Nilifuta kila mahali. Sikuacha hata tone."

Inspekta alifunga daftari. Alisimama akakigeuza kitabu kuelekea kwa Redio, ukurasa uleule wa matope.

"Soma."

Redio alimtazama, kisha akatazama chini. "Sabini na nne, afande."

"Mama, hebu njoo."

Yule mama mwenye geti alisogea kwa woga. "Sabini na nne," alisema. "Si imeandikwa?"

Inspekta alifunua ukurasa mwingine. "Na hapa?"

"Sita," walisema wote wawili, kwa pamoja.

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona ametegewa. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anacheka. Aliinamia kitabu mpaka pua ikakaribia karatasi. Alikisogeza kwenye mwanga. Alipitisha kidole juu ya nukta, kama alivyopitisha kiganja kwenye geti. Kisha aligeuka akalitazama geti, muda mrefu, na yule mama, ambaye dakika chache kabla alikuwa anamchamba, alisema kwa sauti ya chini, "Pale, fundi. Na pale. Na pale juu ya kitasa."

"Pazia la daktari lina ngumi yako ya damu," alisema Inspekta. "Hukuiona."

Fundi alikaa chini, juu ya vyuma. Alikaa hivyo, akitazama mikono yake. Inspekta alidhani anamfikiria daktari. Alikuwa mbali zaidi.

"Ile pasi," alisema.

"Pasi gani?"

"Ya dada. Waya wake ulikatika. Alitaka kuipeleka kwa fundi wa umeme, mimi nikamwambia ya nini kupoteza pesa na mimi nipo." Alizungumza bila kupepesa macho. "Niliufunga waya mimi. Ndani mlikuwa na mweusi, mwekundu na wa kijani. Mwekundu na wa kijani. Niliifunga vizuri, afande. Nilikaza kila skrubu. Asubuhi yake akawasha anyooshe sare za mtoto."

Redio, mtu ambaye hakupata kukosa la kusema, aligeuka akatazama barabara.

Fundi hakupiga kelele. Alitoa sauti moja tu, ya ndani, na akajiziba mdomo kwa ngumi yake pana. Inspekta alipiga magoti kwenye vumbi la chuma mbele ya mtu aliyeua, akamshika bega mpaka pumzi zikamrudia.

"Afande."

"Nakusikia."

"Mtoto asijue. Ya daktari ataijua, nitakubali mahakamani, nifungwe. Lakini hii ya mama yake asiisikie. Nakuomba kwa Mungu. Mimi ndiye nimebaki kwake."

Inspekta alifungua daftari, akatazama mahali alipoishia. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Kesi ilikuwa ya daktari wa macho, na habari ya pasi haikuongeza wala kupunguza kitu katika shtaka. Alirudisha kalamu mfukoni.

*

Alimtoa kijana mahabusu mwenyewe, akamwingiza katika gari, akaendesha kuelekea chuoni kwa mwendo ambao angemkamatia mtu mwingine. Njiani alimweleza. Mjomba amekiri. Mjomba yuko mikononi mwa polisi, hajaguswa, amekula. Alimwambia na sababu, kwamba mjomba alidhani kitabu kinadanganya kwa kuwa na yeye hakuona namba.

Kijana alisikiliza, bahasha ya vyeti magotini. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Nilimwona anafua shati jana," alisema. "Nikajua."

"Wewe hukumwambia mjomba alichokueleza daktari? Kwamba ni macho?"

"Nilimwambia nimekataliwa tu. Sikumwambia kwa nini."

"Mbona?"

Walikuwa wamefika. Ng'ambo ya uwanja foleni ilikuwa imebaki fupi, na dirisha la afisa udahili lilikuwa bado wazi. Kijana alishika kitasa cha mlango lakini hakukivuta.

"Daktari aliniambia haya macho yanatoka kwa mama, na kwamba kama nina mjomba, huenda na yeye anayo. Akanitajia nyaya, ule mwekundu na wa kijani." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Mimi nilikuwepo, afande. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Nilimshikia tochi mjomba alipokuwa anafunga ile pasi."

Inspekta alizima injini.

"Ndicho nilichokuwa nakililia nyuma ya zahanati. Nikasema ningoje. Nikimwambia mjomba ni macho, atauliza macho gani, na akishajua, atafika kwenye pasi. Hataishi." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Inspekta usoni. "Ningemwambia, daktari asingekufa. Najua. Lakini bado nakuomba, afande. Mfungeni kwa alilofanya. Hii ya mama asiijue."

Dirishani, afisa udahili alianza kukusanya kalamu zake.

"Nenda kwenye foleni, mwanangu," alisema Inspekta.

"Hamtamwambia?"

"Mimi sitamwambia," alisema Inspekta, na lilikuwa neno la kweli. "Nenda, watafunga."

Kijana alishuka, akakimbia uwanjani na bahasha yake, akasimama nyuma ya wa mwisho.